Marehemu wa Saa Sita Mchana

Mungu amrehemu Anastasie wa Mpofi, mwanamke ambaye hata kifo hakikumpa likizo. Alizikwa siku ya Jumanne. Watu walilia kama inavyotakiwa, katekista alisali kwa kirefu kuliko ilivyotakiwa, na kaburi likafunikwa vizuri. Jumatano, saa sita mchana, Anastasie alikuwa kazini kama kawaida, akipaza sauti kutoka katika kila redio ya Mpofi iliyokuwa bado na betri:

“Niko hapa! Wamama wa Mpofi, miye njo Mama Carmel, munanijua! Mutoto akiwaka moto, macho iko mekundu, upele inaanza nyuma ya masikio, musimufiche mu nyumba kama pombe ya kasiksi ya kuuza bila ruhusa! Ile iko surua. Mumupeleke kwa muganga. Na ule hajapata chanjo, apelekwe leo. Kesho iko mbali!”

Kisha kicheko. Maneno watu waliyavumilia, kwa kuwa maneno ya Anastasie waliyazoea tangu akiwa hai. Kicheko ndicho kilichowafanya wasimamishe tonge la bugali katikati ya sahani na mdomo, wakatazamana.

Aliyeileta sauti ile redioni aliitwa Kétsia. Alikuwa binti wa Bihambwe, kule Masisi, na mwandishi pekee wa Redio Umande, kituo kidogo kilichokaa juu ya kilima katika chumba cha mbao kilichopigiliwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Kabla ya msiba alikuwa amemrekodi Anastasie mlangoni kwake akitwanga majani ya sombe. Alimchagua kwa sababu za kitaalamu kabisa: mitambo ya Redio Umande ilifika mabonde matatu, na Anastasie, bila mtambo wowote, alifika mawili.

Kétsia hakuwa peke yake katika kazi hiyo, ingawa kwa macho alikuwa peke yake. Kule Kirotshe, kando ya ziwa, aliishi Papa Édouard, mwandishi mzee mwenye pumzi fupi na kumbukumbu ndefu, ambaye aliongoza chama kidogo cha kuwasaidia wanahabari wanaoripoti magonjwa na maafa. Chama kilimpa Kétsia kinasa sauti chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, paneli ya jua, na mafunzo. Zaidi ya hapo kilimpa Papa Édouard mwenyewe, aliyepiga simu kila Alhamisi, akasikiliza kazi zake zote na kuzikosoa kwa upole wa daktari wa meno. “Habari nzuri,” alipenda kusema, “ni ile ambayo mwandishi wake anarudi nyumbani kula.”

Katika mafunzo, Kétsia alifundishwa kuomba ruhusa kabla ya kumrekodi mtu, kumweleza sauti yake itafika wapi, na kulificha jina la mgonjwa. Kuhusu mtu aliyetoa ruhusa yake yote kwa furaha, halafu mti ukamwangukia shambani, mafunzo hayakusema kitu. Hapo ulikuwa wakati wa chai.

Kwa hiyo, baada ya mazishi, Kétsia alitaka kuliondoa tangazo lile hewani. Kabla hajaligusa, Guylain, muuguzi wa kituo cha afya, alipanda kilima akihema.

“Dada Kétsia, usimutoe! Nakuomba.”

“Lakini Papa Guylain, amekufa.”

“Najua amekufa, nilikuwa kwa mazishi, nilikula. Lakini wamama wanakuja! Leo asubuhi walisimama mpaka barabarani. Muntu aliye hai akikuambia jambo, utabishana naye. Marehemu utabishana naye wapi?”

Kétsia akaenda kwa mume wa marehemu mwenyewe. Patient alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, ndevu zimeanza kumea kwa sababu mfiwa wa ukoo wao hanyoi wala hategi mtego hadi matanga yafungwe. Mtoto wake Carmel, msichana ambaye alikuwa bado anajikwaa akikimbia, alikuwa amelala juu ya mapaja yake.

“Mumuache aseme,” Patient alijibu. “Mpaka matanga ifungwe, bado anazunguka hapa kwetu, hatujamuaga. Akisema, nyumba haiko tupu sana. Siku ya kufunga, njo munyamaze.”

Kétsia alishukuru, akaondoka. Alikuwa amefundishwa kuuliza nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Kati ya maswali hayo sita alisahau moja. Kwao Bihambwe matanga hufungwa alasiri, baada ya chakula na hotuba, watu wakiwa tayari wamechoka na kushiba. Hakuuliza ukoo wa Patient ulifunga saa ngapi.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi, wiki ya tatu baada ya mazishi. Kétsia alifika kabla ya adhuhuri, kitambaa kichwani, viatu mkononi kama wageni wengine. Kule kilimani aliiacha kompyuta ikirusha vipindi yenyewe, maana ilijua ratiba kuliko yeye. Jioni angepanda kulifuta tangazo. Alikuwa ameshapanga hata maneno ya kumuaga Anastasie hewani, maneno mazuri, yenye machozi mahali panapofaa.

Katekista alisali. Vitu vya marehemu vikagawanywa mbele ya wote, kila kimoja kikitajwa mtu wake: vitenge, sufuria, jembe, mkeka, kioo kilichopasuka pembeni. Kisha katekista akakumbuka ghafla kwamba alihitaji kutazama mihogo yake, akatoka. Kila alipoalikwa matanga ya ukoo ule mihogo yake ilimhitaji katika dakika hiyohiyo. Hakuna aliyecheka. Lililofuata halikuwa la kanisa.

Verdiane, dada mkubwa wa Anastasie, mama mwenye mabega mapana na ulimi usiokaa ghalani, alisimama mahali ambapo uwanja unaishia na njia ya msituni inaanza. Kuku walikuwa wamefunikwa kwa vikapu. Mbuzi walikuwa wamepelekwa mbali. Watoto wachanga walikuwa kwenye maziwa ya mama zao ili wasilie. Maana desturi ilikuwa hivi: marehemu huitwa mara tatu, na kama hakuna kinachojibu, wala mtu wala mnyama, basi amekwenda, na walio hai wanarudi kwenye maisha yao.

“Anastasie!” Verdiane aliita.

Kimya. Jani lilianguka, likasikika.

“Anastasie!”

Kimya. Kétsia aliinamisha kichwa, akaona kivuli chake mwenyewe chini. Kilikuwa kimejikunja miguuni pake, kifupi kama kinavyokuwa jua likisimama utosini. Akaelewa. Akafungua mdomo, lakini Verdiane alikuwa ameshaita mara ya tatu:

“Anastasie!”

“Niko hapa!” Anastasie akajibu.

Alijibu kutoka kwa Muhindo, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeweka spika kubwa mlangoni mwa duka lake ili wateja wajue pamefunguliwa. Alijibu kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja tu aitwe. Akaendelea mpaka mwisho, akacheka kicheko chake chote, na upepo ukakileta kicheko hicho kutoka upande wa barabara, kikapita juu ya vichwa vyao, kikaingia msituni kwa njia ileile aliyotakiwa kuondokea.

Mwanamke aliyepewa sufuria aliiweka chini polepole, kama kitu cha mtu ambaye amerudi kukidai. Mzee mmoja alivaa kofia yake. Na Patient, kabla hajakumbuka kuogopa, alitabasamu. Kétsia aliliona tabasamu hilo, na baadaye, kila alipofumba macho, hilo ndilo lililomrudia, kuliko hata ile sauti.

Kisha Patient akageuka, akamnyakua Carmel kutoka chini.

“Ni mashine!” Kétsia alisema, akimkimbilia Verdiane. “Mama Verdiane, ni mashine ya redio, nimesahau, ilikuwa saa sita tu!”

“Tunajua iko mashine,” Verdiane alisema. Hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Unafikiri sisi tunaona redio mara ya kwanza, mutoto wa redio? Mashine haina akili ya kuchagua saa. Basi nani alichagua? Angaliweza kusema wakati tunasali. Angaliweza kusema wakati tunagawa vitenge, alikuwa anapenda vitenge. Alingoja jina lake, mara ya tatu.”

Kétsia alianza kueleza kompyuta inavyofuata ratiba, lakini Verdiane alikuwa ameshampa mgongo.

Marehemu anayejibu hajaondoka, walisema katika ukoo ule. Na asiyeondoka hutafuta mwenzake wa safari, huanza na mtoto wake mdogo kuliko wote. Siku hiyohiyo Carmel alipelekwa ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda cha shamba ambako hakuna redio iliyofika, ili mama yake asimpate.

* * *

Kétsia alilifuta tangazo kabla jua halijazama. Kesho yake saa sita Redio Umande ilipiga muziki wa dini. Mpofi nzima, hata hivyo, ilisimama. Aliyekuwa akipima mchele aliacha kikombe ndani ya gunia. Muhindo alijitokeza mlangoni, akaitazama spika yake mwenyewe kama mbwa aliyewahi kumuuma. Wote walisikiliza sauti ambayo haikuwepo mpaka muda wake ukapita, ndipo wakarudi kwenye shughuli. Siku iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo.

Kule kilimani mambo hayakuwa bora. Mwandishi wa redio anaposafisha sauti hukata vipande: kikohozi, pumzi, mchi wa kinu, mbwa wa jirani. Kétsia alivikuta vipande vya Anastasie vikiwa bado katika kompyuta, vimejipanga pembeni. Alibonyeza kimoja bila kukusudia, na mtu akavuta pumzi nyuma ya shingo yake. Alibonyeza kingine: “Dada, weye umekula lakini?” Hilo Anastasie alimwuliza siku ya kurekodi, katikati ya kazi, na Kétsia alilikata kwa kuwa halikuhusu surua. Alivua vipokea sauti. Chumba kile chenye trei za mayai hakina mwangwi, ndiyo kazi ya trei, lakini swali lilibaki likining'inia mle ndani mpaka akatoka kusimama juani.

Huko juani ndiko Guylain alikomkuta, safari hii akihema bila furaha.

“Carmel anaungua moto,” alisema. “Mwindaji mumoja alipita kwa kibanda, akaona. Macho mekundu. Anakohoa.”

“Hakupata chanjo?”

“Ilikuwa zamu yake wiki ile mama alikufa. Mutoto wa matanga hatoki mu lupango, mu uwanja ya nyumba yao.” Alijipangusa uso. “Nilienda mwenyewe. Nilipofika kwa kijito, ndugu zake wakanitupia mawe. Madogo, kwa heshima. Wanasema miye na weye tuko mukono moja, tulimuita Anastasie, sasa tunamufwatia mutoto. Dada, bila dawa, ile macho inaweza kupofuka. Na kifua… mutoto mumoja alifariki wiki iliyopita kwa kifua, na alikuwa munene kuliko Carmel.”

“Wakiamini kwamba sauti imekwisha?”

“Wakiamini mama ameenda, watashusha mutoto. Lakini nani atawaaminisha? Weye?”

Mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kituo, na hapo ilibidi usimame ukielekea mashariki kama mtu anayesali. Kétsia alipanda juu ya jiwe. Haikuwa Alhamisi, lakini Papa Édouard aliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema “pole,” na Kétsia alimshukuru kwa hilo.

“Nitafuta kila kitu,” Kétsia alisema. “Nitawapelekea kinasa sauti na kikadi chake cha kuhifadhi sauti. Nitawaambia imekwisha.”

Papa Édouard akavuta pumzi yake fupi. “Kétsia, mwanangu. Tangazo lile ulinitumia wewe mwenyewe. Nililipenda. Niliwatumia wenzako. Linapigwa Bihambwe. Linapigwa hapa Kirotshe, nimelisikia leo kwa kinyozi. Liko na waandishi wengine ambao siwezi kuwapata, barabara yao imefungwa na simu zao zimezimwa.”

“Basi lirudishe.”

“Hapa nitalizuia leo. Bihambwe labda kesho. Mengine yameshakwenda. Sauti si mbuzi, mama, haina kamba.”

Kétsia alikaa chini juu ya jiwe, mtandao ukapotea. Akasimama tena.

“…uko? Kétsia?”

“Niko. Papa, nikiwaambia imekwisha yote, watamleta mtoto leo. Nikiwaambia iko mpaka Kirotshe, watasema mama yake amejaa dunia nzima, watamficha ndani zaidi.”

“Ndiyo.”

“Nifanye nini?”

“Unaniuliza kama mhariri ao kama mzazi?”

“Kama vyote.”

“Mzazi anasema, danganya, mtoto apone. Mhariri anasema, siku dereva wa Muhindo atakaporudi kutoka Masisi na kusema amemsikia Anastasie njiani, hakuna mama wa Mpofi atakayeamini tena neno lenu juu ya surua, na watoto wa Mpofi ni wengi.” Akakohoa. “Wote wawili mimi, na wote wawili hawajui. Nenda na Guylain. Mwambie avue ile koti nyeupe. Wakikasirika sana, sema ni mimi nilikutuma, mzee mjinga wa Kirotshe.”

“Huo nao ni uongo, Papa.”

“Najua. Nilikuwa nakupa mdogo wa kuchagua.”

* * *

Walivuka kijito siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri. Guylain hakuvaa koti jeupe, na bila hilo alionekana mtu mwembamba aliyebeba mfuko wa dawa bila kujua apeleke wapi. Verdiane alikuwa ng'ambo, amesimama juu ya gogo, mkononi ana kikapu cha mawe. Aliwatazama wakipita majini. Hakurusha.

“Naona leo mumeniletea muganga uchi,” alisema.

“Mama Verdiane,” Kétsia alisema, miguu ikiwa bado majini, “siku ile mulipogawa vitu vya Mama Carmel, kitu kimoja kilikuwa kwangu. Hakikugawiwa. Nimekileta.”

Verdiane akashuka kutoka kwenye gogo, akatangulia.

Kibanda kilikuwa cha majani na nguzo, mahali pa kulinda shamba dhidi ya nyani. Patient alikaa mlangoni. Ndevu zilikuwa zimemfunika uso, akawa kama kaka yake mkubwa, yule asiyekuwa naye. Nyuma yake, chini ya kitenge ambacho Kétsia alikijua kuwa cha Anastasie, kitu kidogo kilikuwa kinapumua kwa haraka, kwa sauti ya msumeno. Guylain alisikia, akapiga hatua. Patient akainua mkono tu, na Guylain akasimama.

Kétsia alipiga magoti, akafungua kinasa sauti, akatoa kikadi, akakiweka juu ya jani la mgomba mbele ya Verdiane.

“Hii njo sauti yake.”

Verdiane alikichukua kwa vidole viwili, akakigeuzageuza juani. Kilikuwa kidogo kama ukucha.

“Ile mudomo yote,” alisema, “iliingia humu?”

Hata Patient aliinua macho.

“Na iko yote?” Verdiane akauliza. “Hakuna ingine ilibaki?”

Hapo ndipo Mpofi, na Masisi, na Papa Édouard mwenye simu mkononi, na mtoto mwenye pumzi ya msumeno, wote walipokaa katika neno moja la Kétsia. Neno “yote” ni jepesi. Angelisema, angerudi na Carmel mgongoni. Alilihisi limekwishafika mdomoni, tamu kabisa.

“Hapana,” alisema. “Kompyuta yangu nimefuta. Hapa Mpofi hatasema tena. Lakini nilimtuma mbali kabla hajakufa, na siwezi kumurudisha. Anasema Bihambwe. Anasema Kirotshe. Iko pengine anasema mahali hata miye sijui.”

Guylain alifumba macho.

Verdiane aliachia tusi refu la lugha yao, ambalo katekista, kwa bahati, hakuwepo kulisikia. “Basi umemusambaza kama mbegu! Sasa tumuite wapi? Tumufunge wapi? Tutaenda kuita mu barabara yote mpaka Goma?”

“Mama Verdiane…”

“Usiniite! Bora ungalidanganya!”

“Kirotshe,” Patient alisema.

Walimgeukia. Sauti yake ilikuwa imeota kutu.

“Kirotshe iko wapi?”

“Kando ya ziwa, Papa Carmel,” Kétsia alisema.

“Ile ziwa yenyewe? Kubwa?”

“Ukungu ukishuka, huoni ng'ambo. Unaona maji tu.”

Patient aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu njia. “Miaka yote alinisumbua. Papa Carmel, unipeleke nione maji isiyo na ng'ambo. Nikamuambia barabara iko na matope. Nikamuambia barabara iko na vita. Nikamuambia tungoje.” Akatazama mikono yake. “Ameenda bila miye.”

“Na amefika,” Guylain alisema kwa uangalifu. “Leo walimusikia kwa kinyozi.”

“Kwa kinyozi!” Verdiane alisema. “Anatafuta nini kwa kinyozi?” Lakini hasira yake ilikuwa imepoteza mguu mmoja. Alikaa chini. Alikifunga kile kikadi katika pindo la kitenge chake, fundo juu ya fundo. “Yule akishika safari hakuwa wa kugeuka kuangalia nyuma,” alisema baadaye, bila kumwambia mtu. “Tangu utoto.”

“Ita,” Patient alimwambia. “Kama yuko kule, hayuko hapa. Tusikie.”

“Hapa? Bila watu?”

“Watu njo sisi. Ita, mutoto anaungua.”

Verdiane alisimama, akaelekea msitu. Kétsia alishika simu iliyokuwa mfukoni, ingawa aliizima tangu jiweni. Aliishika kwa nguvu kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto kanisani.

“Anastasie!”

Msitu ulinyamaza. Hata wadudu, waliokuwa wakikereza tangu asubuhi, walikata.

“Anastasie!”

Ndani ya kibanda Carmel alijigeuza, wote wakaganda. Hakulia.

“Anastasie!”

Walisikiliza. Kétsia alikuwa amesikiliza vitu vingi katika kazi ile, milio ya risasi, vilio, hotuba za wakubwa, lakini hakuwahi kusikiliza kama hivyo. Alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye nguo yake iliyolowa. Alingoja pumzi ile nyuma ya shingo, na sehemu moja yake, ambayo hakuwahi kumweleza hata Papa Édouard, iliiomba ije.

Haikuja. Ilisikika sauti ya kijito, basi.

“Ameenda,” Verdiane alisema, na mabega yake mapana yakashuka.

“Ita tena,” Patient alisema.

“Mara tatu inatosha.”

“Ita tena, dada.”

“Patient. Inatosha.”

Basi akaita mwenyewe. Hakuita kwa sauti ya matanga. Aliita polepole, kwa jina la ndani ya nyumba, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: “Nasta?” Akainamisha kichwa upande, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko desturi ilivyohitaji. Alingoja mpaka wadudu wakaanza tena, mmoja kwanza, kisha wengine, na ndipo uso wake ulipovunjika ndani ya ndevu zake, akalia bila kujificha.

Hakuna aliyemgusa. Kisha akajipangusa kwa kiganja, akainama, akamtoa Carmel chini ya kitenge. Guylain alikuwa tayari amepiga magoti. Alifungua kope zilizovimba, akatia matone ya vitamini mdomoni mwake, akaweka sikio kifuani, akasikiliza kwa muda uliowazeesha wote.

“Tumechelewa,” alisema. “Lakini hatujachelewa sana. Macho bado iko yake. Twende, twende sasa.”

Patient alimfunga mtoto kifuani, akatangulia. Kijito alikivuka kwa hatua ndefu za mwindaji, na Kétsia, nyuma yake, alilazimika kukimbia. Hawakugeuka, kwa kuwa aliyefunga matanga hageuki. Nyuma yao Verdiane alikuwa akiyamwaga mawe ya kikapu chake majini, moja moja.

Walipotokea kwenye njia kubwa, Carmel aliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa, na sauti ilitoka kama uzi.

“Papa,” alisema. “Mama amejibu?”

Patient hakupunguza mwendo.

“Hapana, mutoto wangu,” alisema. “Hakujibu. Lala.”